Nakawa kwa Miguu, Mimi na Mjukuu Wangu



Wengi wetu hapa Nakivale tukisikia jina Nakawa tunafikiria soko. Ni kweli soko liko, kando ya barabara kuu ya kwenda Jinja, na mtu wa kambini akipita pale anakuwa ndani ya taksi, ameshika mfuko wake kwa mikono miwili kwa kuogopa wezi. Kitu kingine haoni. Lakini Nakawa siyo soko peke yake. Ni moja ya divisheni 5 za jiji la Kampala, ile ya upande wa mashariki. Ina vilima vya Naguru, Mbuya, Kyambogo na Banda, halafu inateremka mpaka Luzira na Port Bell, kwenye ziwa Viktoria. Katikati ya vilima kuna mabonde ya maji, na ndani ya mabonde kuna watu wanalima. Ndiyo, wanalima, mjini! Habari hiyo ndiyo nawaletea mwezi huu.

Nilikwenda huko kumpeleka mjukuu wangu kwa mama yake. Mama yake, binti yangu wa tatu, amepanga chumba kimoja Kinawataka, anasuka nywele za watu, na anataka mtoto aanze shule kule. Mtoto ana miaka 7. Amezaliwa hapa hapa kambini, anajua shitingi, foleni ya maji na mahindi yetu, basi. Mimi nilipewa siku nane za kumzoeza, kisha nirudi peke yangu. Siku tatu za kwanza alikaa mlangoni tu, hachezi, hacheki. Siku ya nne akaniambia, "Bibi, turudi. Huku watu hawalimi. Wanakula nini?"

Msicheke, swali lake ni la maana. Hata watu wazima hapa wanauliza hivo hivo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, lakini mkimbizi anayekaa Kampala hapewi kipande cha kulima kama sisi, na rasheni haimfuati kule. Anakula alichotafuta. Mtoto alikuwa ameona sufuria ya mama yake, akajua.

Nikamwambia, "Bwana yangu, vaa viatu. Twende tukatafute shamba." (Kwetu Fizi mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, wanaocheka wacheke.)

Tulitoka saa moja asubuhi. Kwanza tulipanda mpaka barabara kuu, pale Nakawa yenyewe, tukanunua ndizi mbivu kwa mama mmoja muuzaji. Mama yule alikuwa na maneno mengi. Akatuonyesha kwa mkono upande wa Naguru, akasema kule kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, zilizojengwa zamani za Waingereza, yeye amezaliwa ndani yake. Mwezi wa 7 mwaka 2011 zikabomolewa zote. Familia zaidi ya 1,700 zilitakiwa kutoka ili pajengwe mji wa kisasa, na kwa miaka mingi baadaye sehemu kubwa ilibaki inaota nyasi tu.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Walipelekwa kambi gani?"

Mama wa ndizi akanitazama. Nikamjibu mtoto kwamba hawakupelekwa kambini, kila mtu alijitafutia pa kwenda. Alinyamaza. Kichwani mwake, mtu akifukuzwa nyumbani lazima awepo mtu wa kumwandika jina na kumpa shitingi. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna waliofukuzwa bila kuandikwa.

Tukateremka tena kurudi bonde la Kinawataka, safari hii kwa njia ya nyuma ya magereji. Siwadanganyi, ndugu zangu, pale mwanzoni kunanuka. Mtaro umejaa chupa za plastiki na oili ya magari, na malori yanamwaga kifusi kupunguza bonde ili watu wapate kiwanja. Lakini ukiendelea mbele kidogo, unaona majani mapana kama masikio ya tembo, mstari kwa mstari. Magimbi! Waganda wanayaita mayuni, na yanapenda maji. Mtoto akaniacha akakimbia.

Palikuwa na mzee anachimba, suruali ameikunja mpaka magotini. Aliongea Kiswahili cha kambi ya jeshi, maana aliwahi kuwa askari. Wale mnaoijua Uganda mnajua kwamba wazee wengi wa hapa Kiswahili walikipata huko. Alimwachia mtoto jembe, akamwonyesha namna ya kung'oa gimbi bila kuvunja, unazungusha kwanza ndipo unavuta. Mtoto akavuta la kwanza, akaanguka nalo matopeni, akacheka. Ndugu zangu, kicheko hicho nilikuwa nimekitafuta siku nne.

Mzee hakulalamika sana. Alisema tu kwamba mvua ikizidi maji yanafunika kila kitu, na jua likizidi watu wa kifusi wanakuja, kwa hiyo yeye anapanda kidogo kidogo, havuni vyote mara moja. Wakati wa kuagana alitufungia miche miwili ya magimbi kwa jani la mgomba.

Baada ya mashamba yanaanza mafunjo. Kwa asiyeyajua, ni majani marefu kushinda mtu, kila moja na kichwa chenye nywele kama mtoto aliyetoka kulala. Mizizi yake inashika uchafu, ndiyo maana wenyeji wenye akili hawapendi yakatwe. Maji ya bonde hili yanaingia ziwa Viktoria katika ghuba ya Murchison, na kwenye ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, ndiko jiji linakochota maji ya kunywa. Mimi nimekulia ufukweni mwa Tanganyika, maji ni mambo yangu, basi nikamweleza mtoto. Ziwa letu la kule linatoka kwa mto Lukuga, linaingia mto Kongo, linakwenda bahari ya magharibi. Haya ya hapa yanatoka ziwani pale Jinja, yanakuwa Naili, yanapita Sudani ya Kusini na Sudani mpaka Misri.

"Huu mtaro unakwenda Misri?" Akachuma jani la gimbi, akalitupa majini, akalifuata kwa macho mpaka likakwama kwenye chupa. Akachukua fimbo akalikwamua. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa kwa ajili ya jani moja.

Ndipo akaanza kuona vitu ambavyo mimi sikuviona. Aliona viota vya ndege wadogo wa njano vinavyoning'inia kwenye mafunjo, na kimoja kilikuwa kimesukwa pamoja na uzi wa bluu wa gunia. Aliona chura mwenye rangi ya jani. Aliona korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, yule Waganda wanamwita kaloli, amesimama juu ya takataka na mabawa yake nyuma kama mtu aliyevaa koti. "Bibi, yule anafanana na mwenyekiti wetu!" Nilimkataza kusema hivo. Lakini mwenyekiti akisoma hapa ajue kwamba na mimi nilicheka.

Karibu na nyumba tukapita kina mama waliokuwa wanasuka mikeka kwa mirija ya soda, ile watu wanayoinyonya na kuitupa. Wanaiokota, wanaiosha, wanaibana iwe bapa, wanasuka. Mkeka unatoka na rangi nyingi na hauozi kwa mvua. Wanawake wa hapa kambini, hilo liangalieni.

Kutoka pale tulifuata reli, ile inayotoka Mombasa, iliyofika Kampala mwaka 1931. Mtoto alihesabu mataruma mpaka 200 akachoka. (Wazazi, relini msiruhusu mtoto peke yake, treni za mizigo bado zinapita.) Juu kushoto kwetu kilikuwa kilima cha Kyambogo chenye chuo kikuu, na mbele yetu Banda.

Banda nilitaka aione kwa sababu ya hadithi. Mwaka 1862, Mwingereza aitwaye Speke alipokuja kutafuta chanzo cha Naili, alimkuta Kabaka Mutesa wa Kwanza ana makao yake hapo Banda, uani mwake nyumba nyingi za nyasi. Leo huoni hata kijiti, maana siku zile makabaka walikuwa wanahamisha makao yao kutoka kilima kimoja kwenda kingine.

"Nani alimfukuza?"

"Hakuna. Alihama mwenyewe."

"Kuna watu wanahama bila kufukuzwa?"

Nilikosa la kumjibu upesi. Tulikula ndizi zilizobaki.

Kwenye kilima hicho, kuelekea Kireka, kuna mtaa unaitwa Acholi Quarter. Wanaokaa pale wengi wametoka kaskazini ya Uganda, walikimbia vita vya waasi wa Kony, vita vilivyoumiza watu wale miaka karibu 20, mpaka 2006 risasi ziliponyamaza kwao. Wakimbizi kama sisi, lakini hawakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hawakuhesabiwa wakimbizi. Walipofika Kampala walipasua mawe kwenye machimbo. Mwanamke anakaa juani na nyundo, mtoto mgongoni, anapasua kokoto za kujengea nyumba za wengine. Bado wapo wanaopasua mpaka leo, tuliwasikia kabla hatujawaona, ko, ko, ko.

Wengine walianza kazi ya shanga za karatasi. Mama mmoja mtu mzima, rika langu, alituketisha mlangoni kwake akatuonyesha. Anachukua kalenda ya zamani au gazeti la picha, anakata vipande virefu vyenye ncha, mwanzo mpana mwisho mwembamba. Anazungusha kwenye sindano kuanzia upande mpana, anabandika gundi mwishoni, anapaka vanishi, anaanika, kisha anatunga. Karatasi inatoka shanga nene katikati, nyembamba pembeni, inang'aa kama jiwe. Mjukuu wangu alizungusha ya kwanza ikamfumukia. Ya pili ikashika. Ndani yake ilikuwa tarehe za mwezi wa 3 za mwaka uliopita.

Tuliongea kwa Kiswahili chake kidogo na Kiganda changu kidogo. Alisema kwao ni Kitgum. Mtoto, kwa kuwa hajui adabu ya kunyamaza, akamuuliza, "Kadi yako iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Ya ukimbizi."

Mama akacheka sana, akajifuta macho na kanga. Akasema hakuna aliyempa kadi wala unga. Alikuja na watoto wanne, akawasomesha kwa nyundo, baadaye kwa karatasi. Vita vilipokwisha ndugu zake wengine walirudi. Yeye alikwenda kuangalia, akakuta mipaka ya shamba la marehemu mume wake haijulikani tena, akarudi Banda. "Nyumbani ni kule," akasema, "lakini vikombe vyangu viko hapa."

Maneno hayo mtoto aliyarudia njia nzima. Vikombe vyake yeye viko wapi? Nikamwambia kimoja kiko kwangu na kimoja mama yake amekinunua, cha bluu, hajakitumia kwa sababu ya kununa kwake. Hakusema kitu. Tulifika Kinawataka saa kumi, miguu imejaa udongo, na kabla ya kunawa aliingia ndani akakitafuta kile kikombe, akanywea maji.

Sitaki mfikiri kwamba mambo yalikwisha siku hiyo. Usiku alilia tena. Binti yangu naye alilia, na mimi nilisema nitamrudisha, nikabadili neno mara mbili kabla ya asubuhi. Chumba kile ni kidogo, na kazi ya nywele siku nyingine inaleta chakula, siku nyingine hapana. Lakini shule iko karibu, na huyu mtoto mama yake alimwacha kwangu akiwa na miaka 2. Ametosha kunizoea mimi, sasa na mama yake azoewe.

Nimemwacha. Muhula wa kwanza ukiisha mwezi wa 5 nitakwenda kumwona, na kama amekonda nitarudi naye, binti yangu anajua.

Ile miche tuligawana. Wa kwake aliupanda kwenye gunia la udongo nyuma ya chumba, akauwekea kijiti na shanga yake ya karatasi juu ili watu wasiukanyage. Wa kwangu niliubeba kwenye basi, umefungwa kitambaa kibichi, nikawa nauchovya maji mpaka Mbarara. Nimeupanda pale chini ya bomba letu ambapo maji yanamwagika kila siku bure. Una majani mawili sasa. Nawaomba wenye mbuzi wawafunge.