Kuku wa Rangi wa Buyenzi

Sisi tuliotoka Bujumbura tunaikumbuka Buyenzi, jirani ya Bwiza: avenyu za namba, Kiswahili kila mlango, na kuku uani. Kule rangi ya manyoya si urembo tu. Jogoo mwekundu akimpanda tetea halisi wa mistari myeusi na myeupe, vifaranga vinatoka vyeusi. Vya kiume vina doa jeupe kichwani, vya kike havina. Basi siku ileile mama anajua nani atataga, nani atauzwa. Lakini jogoo akiwa ndiye wa mistari, watoto wote wanapata mistari, alama imepotea. Hapa kambini pumba ni chache, wazazi. Tuchague jogoo kabla mayai hayajaatamiwa.