Miaka yangu na riwaya za Adam Shafi

Vuta n'kuvute niliijua kwanza kama kitabu cha mtihani. Kidato cha tano tuliisoma sambamba na Kufikirika ya Shaaban Robert, na kila tulichokitafuta ndani yake kilikuwa na jina lake la darasani: dhamira, wahusika, mandhari, tamathali za semi. Niliweza kuzitaja dhamira zake zote kwa mpangilio kabla sijamjua Yasmin mwenyewe, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa, kisha akaitoroka ndoa ile na kuhamia kwa shoga yake Mwajuma, upande wa pili wa mji na wa maisha. Bahari sikuwahi kuiona. Kwetu Kasense, Ufipa, maji makubwa ni Ziwa Rukwa, chini kabisa ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, na Ziwa Tanganyika upande wa machweo. Unguja ilikuwa jina la kwenye karatasi ya maswali.

Kilichonirudisha kwa Adam Shafi ni nakala chakavu ya Kuli, haina jalada, niliyoikuta mjini Sumbawanga katikati ya rundo la vitabu vya shule vilivyochoka. Nilikuwa nimemaliza shule na kurudi nyumbani. Wakati huo kaka yangu mkubwa alikuwa akipakia mahindi kwenye malori. Anayeifahamu Sumbawanga ya msimu wa mavuno anaijua kazi ile. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini wanunuzi walitaka lumbesa, gunia lililoshindiliwa likavimba na kushonewa kofia juu, mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Watu wanaizungumzia lumbesa kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli. Mgongo unaoipandisha juu ya lori hautajwi.

Juni na Julai baridi ya Ufipa haina mchezo, kwa hiyo jioni tulikaa kuzunguka jiko la mkaa, nami nikawa namsomea kaka. Kuli inasimulia bandari ya Unguja katika miaka ya 1940. Majaliwa anafia kazini bandarini, anamwacha mkewe Mashavu na mtoto wao Rashidi, na mtoto huyo akikua anaingia kazi ileile iliyomuua baba yake. Kaka alisikiliza kimya, halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, huyu aliyeandika aliwahi kubeba?" Nikamwambia sidhani. Akasema, "Basi alikaa na waliobeba." Akanieleza kwamba mzigo hauanzi kuumiza begani, unaanzia kiunoni, na usiku ndipo unapodai.

Tangu jioni ile usomaji wangu ukageuka. Mgomo wa Unguja wa mwaka 1948, ambao riwaya inauendea hatua kwa hatua, ulitokea kweli. Darasani ningeuandika kwa maneno mawili: "umoja na mshikamano". Sasa nilikuwa nauangalia kwa macho ya kaka: mtu akiacha kubeba leo, watoto wanakula nini kesho, na nani anathubutu kuwa wa kwanza kuacha? Shafi analijua swali hilo. Rashidi hazaliwi shujaa. Anaamshwa polepole na wenzake, anasitasita, anajifunza. Mpaka leo, katika vitabu vyake vyote, hiki ndicho ninachokipenda kuliko vingine, na naona wanaokiita kitabu cha siasa tu wanakipunja.

Baada ya hapo nilitaka kusoma kila alichoandika. Haikuwa rahisi. Barabara ya Tunduma, zaidi ya kilomita 200, ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na aliyekuja na basi kutoka Mbeya hakufikiria kubeba riwaya. Kasri ya Mwinyi Fuad niliiazima kwa mwalimu mmoja, nikairudisha imefungwa gazeti. Lami ilipofika, mambo yakawa mepesi: unamwagiza ndugu aliyeko Dar es Salaam, anakitia kitabu kwenye bahasha, anamkabidhi kondakta, nawe unakwenda kukipokea stendi. Hivyo ndivyo nilivyoipata Haini, na baadaye Mbali na Nyumbani.

Vilipokuwa vyote mkononi nikavisoma upya, safari hii kwa kufuata miaka ya matukio. Mwandishi mwenyewe hakuvitoa hivyo. Kasri ilitangulia mwaka 1978, Kuli ikafuata 1979, kisha kimya cha miaka 20 mpaka Vuta n'kuvute mwaka 1999, na Haini 2003. Lakini ukianza na Kuli, uende Vuta n'kuvute na miaka ya 1950, akina Denge wakisambaza maandishi yaliyopigwa marufuku na Inspekta Wright akiwawinda, ukaingia Kasri na Mapinduzi ya 1964, ukamalizia Haini, unapata kitu kimoja kikubwa: robo karne ya Zanzibar, kutoka mgomo wa 1948 hadi kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Mzee Karume, tarehe 7 Aprili 1972.

Usomaji huo ndio ulionionyesha ujasiri wa mtu huyu. Katika Kasri, Kijakazi amezoea utumwa kiasi cha kumhurumia bwana anayemtesa, na Mapinduzi yanapokuja unayashangilia kwa ajili yake. Ukifungua Haini, serikali iliyozaliwa na Mapinduzi hayohayo inawafungia watu gizani na kuwatesa ili wakiri. Shafi mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya 1972. Mwandishi mwingine angeikana Kasri ili aandike Haini, au angenyamaza abaki na Kasri. Yeye aliviacha vyote viwili visimame. Haini sikumsomea kaka. Niliisoma peke yangu, polepole, kuna kurasa nilizifunga na kutoka nje kwanza.

Wanaosoma fasihi ya nje humtaja Walter Scott wa Uskoti kuwa baba wa riwaya ya kihistoria. Riwaya yake ya kwanza, Waverley, ilitoka mwaka 1814 na inahusu uasi wa mwaka 1745. Scott alikuwa hajazaliwa wakati huo, lakini utotoni na ujanani aliwasikiliza wazee waliopigana. Shafi alizaliwa mwaka 1940, kwa hiyo mgomo wa makuli ulimkuta mtoto, na Haini aliiandika akiwa amepitia kizuizini mwenyewe. Wote wawili walikaa karibu na watu waliokuwepo. Kaka aliligundua hilo kabla yangu, kando ya jiko.

Na hapo ndipo macho yangu yalipohama kutoka Unguja kurudi nyumbani. Ufipa ina visa vya kumtosha Scott na Shafi kwa pamoja. Wazee wanasimulia habari za Ntatakwa, mtawala wa Milansi, aliyekwenda kuwinda huku nyuma wanawake wageni wakakikalia kiti chake, na utawala wa ukoo wa Watwaki ukaanzia hapo. Baadaye nchi iligawanyika, Nkansi huku na Lyangalile kule. Katika miaka ya 1840 Wangoni walipita hapa, na Zwangendaba, aliyewaongoza kutoka kusini kabisa mwa Afrika, akafia Ufipa. Kuna malungu, tanuru ndefu za udongo ambamo babu zetu waliyeyusha chuma.

Hayo ya kale wataalamu wameyaandika kwa kiasi, na yanaweza kusubiri kidogo. Linalonikosesha usingizi ni la karibu zaidi. Miaka ya 1970 familia ziliacha maboma na mashamba yao ya matuta zikahamia vijiji vya ujamaa. Nani alibomoa nyumba yake mwenyewe, nani alifurahia shule na bomba la maji, nani hakusamehe? Bibi yangu alinisimulia kipande kimoja tu, kuhusu mbegu za ulezi alizozibeba mgongoni pamoja na mtoto. Sasa naandika kila ninachoambiwa, kwa daftari na kalamu, nikiwaomba wazee wa Kasense na vijiji vya jirani wanipe jioni zao.

Kijana wa Ufipa unayesoma haya, usiningoje mimi. Soma Kuli uone kazi hii inavyofanywa, kisha nenda kakae na babu au bibi yako, na usitoke bila kuandika. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa ameshapita 70.