Ufito Katikati ya Lundo

Mwaka 1991 kazi yangu ilikuwa kuteka maji. Nilikuwa na miaka 17, nimemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, na Kisarawe ya wakati ule maji yalikuwa mali. Tuliamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya kisima bondeni, na dumu la lita 20 ukishalipandisha kilima kile hulimwagi ovyo. Kwa hiyo siku Mama aliponiambia nikamwagie maji lundo la takataka nyuma ya jiko, nilidhani sikusikia vizuri.

"Mama, maji haya haya ya kunywa?"

"Mwagia, baba. Nalo lina kiu."

Nilimwita Mama ingawa hakunizaa. Alikuwa Mzaramo wa upande wa Maneromango, jirani aliyenipokea baada ya msiba nyumbani kwetu. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa amestaafu ukufunzi wa kilimo Kibaha. Kule wakulima walikuwa wakifundishwa tangu mradi wa Nordiki wa mwaka 1963, pale Denmark, Finland, Norway na Sweden zilipoungana kujenga shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima, kisha Januari 1970 mradi ukakabidhiwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mwalimu alikuwa amefundisha matumizi ya mbolea ya chumvichumvi kwa miaka mingi na hakuwahi kuitukana. Ruzuku ya mbolea ilipoanza kuondolewa na bei ya mfuko kupanda kila msimu, alirudi kwenye mboji kwa sababu ilikuwa ndiyo aliyoimudu. Mapenzi yalikuja baadaye, na yalipokuja hayakutoka tena.

Nitaeleza lile lundo, maana biashara yetu yote ya baadaye ilitoka humo. Chini tuliweka vijiti ili hewa ipite. Juu yake majani makavu ya mkorosho na mwembe, kisha majani mabichi na maganda ya mihogo, kisha mbolea ya kuku, majivu kidogo, udongo kiasi cha kufunika, halafu tunaanza upya hadi lundo linafika kifuani. Katikati tulichomeka ufito mrefu. Kila baada ya siku chache unauchomoa na kuushika. Ukitoka wa moto na unyevu, kazi inaendelea. Ukitoka mkavu wenye ukungu mweupe, lundo linataka maji. Ukitoka wa baridi na unanuka, limelowa kupita kiasi, na ni lazima uligeuze lipumue. Miezi mitatu au zaidi, hadi ukitia mkono unanusa udongo uliopigwa na mvua ya kwanza.

Majani tulikuwa nayo Kisarawe. Mbolea ya kuku ilikuwa Kibaha, ambako mabanda yalikuwa mengi na wafugaji walifurahi mtu akija kuwafagilia. Kibaha kulikuwa pia na maji ya bomba, kwa kuwa njia kuu ya Ruvu Juu kutoka Mlandizi inapita kule. Basi tukajigawa: malundo yakabaki Kisarawe, kitalu cha miche tukakifungua Kibaha, karibu na Picha ya Ndege. Nilipita Kiluvya na magunia ya sandarusi mara nyingi kiasi kwamba makondakta waliniita Mbolea.

Wateja walitoka Dar es Salaam. Watu walikuwa wameanza kuogopa mchicha uliomwagiliwa maji machafu ya bonde la Msimbazi, na mishahara haikufika mwisho wa mwezi. Mama akabuni jambo ambalo Mwalimu, pamoja na elimu yake, hakuliwaza: badala ya kuuza mboga, tuuze bustani. Tunakwenda uani kwa mtu, tunachimba matuta mawili, tunaleta mboji na miche ya bamia, nyanya chungu na figiri, tunapanda matembele pembeni, na kila wiki tunarudi kuangalia. Vidukari wakiingia, tunatwanga majani ya mwarobaini, tunayaloweka usiku kucha, tunachuja, tunatia sabuni kidogo na kunyunyiza jioni. Mteja wetu wa kwanza wa bustani alikuwa muuguzi wa Upanga. Kufikia 1997 tulikuwa na nyumba 23, kutoka Upanga hadi Kimara.

Hapo ndipo ninapopaswa kusema lililonikaa moyoni.

Mvua za El Niño zilianza Oktoba mwaka ule na zikaendelea hadi mwaka mpya ukapita. Malundo yaliloa. Nilichomoa ufito ukatoka wa baridi, unanuka kama choo. Mwalimu alikuwa mgonjwa, Mama anamuuguza, na kazi ya kufunga magunia ilikuwa mikononi mwangu. Wateja walikuwa wameshalipa. Nikachukua mbolea mbichi ya kuku kutoka Kibaha, nikaianika siku mbili jua lilipochungulia, nikaichanganya na ile mboji iliyooza vibaya, nikafunga, nikapeleka. Nilijua ninachofanya.

Wiki ya pili miche ilianza kuungua. Majani yalikauka kuanzia kingo kama yamepitiwa na moto. Mama alitia mkono kwenye gunia lililobaki, akanusa, akaniangalia. Hakunigombeza. Alivaa khanga yake ya kutokea, akaniambia nibebe jembe, tukapanda basi la DCM. Tulizunguka nyumba zote siku nne. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Tumewaletea mbolea mbichi. Kosa ni letu." Mimi nikaondoa udongo ulioungua, yeye akahesabu pesa na kuzirudisha. Nyumba tisa zilituacha. Fedha za akiba zote ziliisha, zikiwemo za dawa.

Mwalimu alifariki mwaka 1999, na hadi leo sijui kama aliambiwa.

Kuanzia hapo hakuna gunia lililotoka kabla Mama hajaushika ufito mwenyewe. Wateja walisubiri, wengine miezi miwili, na waliosubiri wakaleta majirani zao. Tulisajili kampuni. Vuguvugu la kilimo hai likapata chombo chake, TOAM, mwaka 2005. Mwaka 2007 vikatoka viwango vya Afrika Mashariki na alama ya Kilimohai. Niliposikia kwamba vikundi vya wakulima vinaweza kukaguana wenyewe, shamba kwa shamba, nilikumbuka zile siku nne za kugonga milango. Kanitangaze, mdudu mharibifu, alipovamia nyanya miaka michache baadaye, tulipoteza vitalu viwili na tukawaambia wateja siku ile ile.

Juni 2020 maji ya Ruvu yalifika Kisarawe kupitia Kibamba. Mafundi walipofunga bomba uani, wajukuu walicheza chini yake hadi nguo zikalowa. Mama alikuwa haoni vizuri tena. Nilimwekea kiti kivulini nikidhani atataka kusikiliza maji. Aliniomba nimpeleke nyuma ya jiko. Nilichomoa ufito nikampa, akaulaza shavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Bado," alisema. "Ligeuzeni Jumamosi."