Mto Mmoja, Ndimi Nyingi: Tuliyoyaona Suam

Suam ni jina la mto kabla ya kuwa jina la mji. Mto huo huanzia juu ya Mlima Elgon, ndani ya bonde kubwa lililokuwa mdomo wa volkano, ukateremka ukiigawa Kenya na Uganda. Kisha huelekea kaskazini, hubadili jina ukaitwa Turkwel, na hatima yake ni Ziwa Turkana. Kutoka Kitale hadi kwenye daraja la mpakani ni mwendo wa kilomita 45 hivi, kupitia Endebess, katikati ya mashamba ya mahindi yasiyokwisha. Kwa sisi tuliozoea minazi na upepo wa bahari, baridi ya huko hutukumbusha kwamba ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana.

Mpakani kuna biashara ya kila namna: maharagwe, ndizi, viazi, vitunguu na nguo, na wengi wa wauzaji ni kina mama. Tulimwangalia mmoja wao kwa muda. Kwa jirani zake alisema Kisebei, ambacho Wasabaot wa upande wa Kenya wanakielewa, kwani ni watu wa asili moja waliotenganishwa na mstari wa ramani. Mnunuzi wa kutoka Bungoma alimjibu kwa Kiswahili. Dereva wa lori la Kampala alimtupia maneno machache ya Kiganda, wakacheka, wakapatana bei. Hatua chache kutoka kwake aliketi mama mwingine ambaye hakujua ila lugha ya nyumbani kwao. Huyo alisemewa na dalali, na dalali hasemi bure. Maharagwe yalikuwa yale yale na gorogoro lilikuwa lile lile. Kilichotofautiana ni ulimi, na tofauti hiyo ilihesabiwa kwa shilingi.

Jambo hilo dogo la sokoni ndilo jambo kubwa la dunia. Ukiufuata mto huu utaona jinsi nguvu za mataifa zinavyopokezana. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya Waswahili ilifika pande hizi za Elgon, na Mumias ikawa kituo chao mashuhuri. Yule Jumbe Kimameta wa Pangani, aliyefuatana na Mskoti Joseph Thomson katika safari ya 1883, alikuwa akizijua njia za bara kabla ya mgeni wake. Wakaja Waingereza, wakagawana mashamba ya Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Kiingereza kikawa lugha ya cheo na mshahara. Baadaye, chini zaidi kwenye mto huu huu, Wafaransa walijenga bwawa la umeme la Turkwel. Na barabara mpya ya lami kutoka Kitale hadi Suam, iliyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imejengwa na wakandarasi wa Kichina. Mto haukuhama, ila wageni wake ndio waliobadilika.

Wala kubadilika huko si kwa Suam pekee. Mwaka 2009 Uchina iliipita Marekani ikawa mshirika mkubwa kuliko wote wa biashara na Afrika, na mwaka uliofuata ikaipita Japani kwa ukubwa wa uchumi. Sisi wa Mombasa tuliona kwa macho yetu mwaka 2017, reli mpya ya Nairobi ilipofunguliwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na taasisi ya kufundisha Kichina tangu mwaka 2005. Tujiulize, basi, ni vijana wangapi wa Pwani waliopita katika mlango huo?

Wachina wenyewe si wageni wa jana kwetu. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alipokewa katika kasri la mfalme wao. Katika enzi hiyo merikebu za Zheng He, aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, zilitembea bahari yetu, na miongoni mwa wakalimani wake alikuwamo Ma Huan, Muislamu pia. Lugha ndiyo iliyompandisha merikebuni, na maandishi aliyoyaacha juu ya nchi alizoziona yanasomwa mpaka leo.

Dini yetu haikulifumbia macho jambo hili. Katika Sura ya Ar-Rum, Mola wetu anazihesabu tofauti za ndimi zetu kuwa miongoni mwa ishara zake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na amani na barua zinazosomwa na wengine kwa niaba yake. Zayd, kijana mdogo, akayamudu kwa muda wa nusu mwezi. Tuzingatie sababu ya amri ile: haikuwa fahari ya kusema kigeni, bali kuilinda amana. Imamu Ghazali naye aliziweka tiba na hesabu katika fardhi kifaya, kwa sababu umma hauwezi kusimama bila ya watu wanaozijua. Kwa kipimo hicho hicho, jamii isiyo na hata mmoja wa kuisomea mkataba wake ina deni juu yake.

Na mkataba si mfano wa kubuni. Mabinti wetu wanakwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kutafuta riziki. Karatasi wanazotia sahihi huandikwa kwa Kiarabu, pengine na Kiingereza pembeni. Binti huyo amekwenda chuo tangu utotoni na amehitimu msahafu. Kila herufi ya karatasi ile anaweza kuitamka, lakini hajui imesema nini juu ya mshahara wake, siku yake ya mapumziko, wala pasipoti yake itakaa kwa nani. Huyu ana hasara kubwa kuliko yule mama wa Suam, maana ufunguo uko mkononi mwake na hakufundishwa kuutia kwenye kufuli.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi mambo matatu. Kwanza, tusikidharau Kiswahili chetu. Uganda, ambako lugha hii kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya askari, iliamua mwezi Julai 2022 kwamba ifundishwe shuleni kwa lazima. Walimu watatoka wapi, ikiwa watoto wa Mvita na Lamu wanaona haya kukisema sawasawa? Pili, tuwaombe walimu wa vyuo vyetu wawape watoto maana pamoja na matamshi. Maneno matano kila siku baada ya Magharibi, mama akiwauliza wanawe na yeye mwenyewe akijifunza pamoja nao, kwa mwaka ni maneno zaidi ya elfu moja na mia nane. Tatu, kijana aliyeshika misingi hiyo miwili aongeze lugha moja ya biashara, iwe Kichina, Kifaransa cha majirani zetu wa Kongo, au nyingineyo ambayo kazi yake inaihitaji.

Hatujui mto wa dunia utamleta nani baada ya hawa. Waliotangulia walidhani zamu yao haitakwisha, nayo ikaisha. Lakini mwenye kuelewa lugha ya mgeni hujua anauza nini na kwa kiasi gani, mgeni awe nani. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awahifadhi mabinti zetu walio mbali na nyumbani, na awarudishe salama. Amin.