Mume Anapougua Kimya Kimya

Yapo maradhi ambayo mtu huyatangaza barazani hata kabla hajaulizwa. Aliyetoka kuugua malaria hueleza jinsi alivyotetemeka, na mwenye mgongo huonyesha mahali panapouma. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao mwanamume akipatwa nao huufungia mlango, na mkewe naye akautunza kama siri ya serikali. Nakusudia kuuzungumza leo bila kificho, kwa kuwa ulinipata mimi mwenyewe nikiwa na umri wa miaka 54, na kwa kuwa usingenipata huenda hadi leo nisingejua kwamba nina kisukari.

Lugha yetu imeuchangia sana ukimya huo. Neno hanithi lilikuwa tusi kabla halijawa jina la ugonjwa, na wasemao kwamba jogoo wa fulani hawiki hawasemi kwa kumhurumia. Wenzetu nao waliona taabu ya jina. Mwaka 1992 wataalamu waliokutana chini ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walipendekeza kwamba neno la zamani, lililomwita mtu asiyejiweza, liachwe, na badala yake litajwe kiungo kisichofanya kazi yake sawasawa. Sisi husema upungufu wa nguvu za kiume, na ingawa jina hilo halielezi sana, angalau halimtukani mtu.

Ugonjwa wenyewe ni nini? Ni mwanamume kushindwa mara kwa mara, kwa muda wa miezi kadhaa, kupata kusimama kwa uume au kudumu nako hadi tendo la ndoa likamilike. Usiku mmoja wa uchovu, wa msiba au wa pombe si ugonjwa. Wala wenye tatizo hili si wachache kama tunavyodhani. Uchunguzi uliofanywa Massachusetts, Marekani, na kutangazwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba katika kila wanaume 100 wenye umri wa miaka 40 hadi 70, 52 walikuwa nalo kwa kiasi fulani, kidogo au kikubwa.

Sasa tafadhali nifuate kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mtu anapoingiwa na matamanio, ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva, na neva hizo hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi. Gesi hiyo huilegeza mishipa ya damu, damu ikaingia kwa wingi katika nyama iliyo mithili ya sifongo, na nyama hiyo ikijaa huibana mishipa ya kuirudisha damu. Wataalamu watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuvumbua kazi ya gesi hiyo mwilini. Kwa hiyo aghalabu shauri hili ni la mishipa na damu. Mshipa uendao kwenye uume una upana wa milimita 1 hadi 2 tu, ilhali ile ya moyo huwa na milimita 3 hadi 4. Sukari, shinikizo la damu, mafuta na tumbaku vinapoanza kuichakaza mishipa ya mwili, ule mwembamba ndio unaolalamika kwanza. Huenda ikapita miaka miwili, mitatu, hata mitano kabla kifua hakijauma.

Nyumbani kwangu aliyelitambua jambo hili hakuwa daktari. Alikuwa mke wangu. Jioni moja, watoto wakiwa wamelala, aliniambia, “Baba Neema, umekonda. Usiku waamka mara tatu, mara nne kwenda haja ndogo. Na hili letu la chumbani nalo limeingia. Mimi naona yote haya ni mamoja. Kesho twende ukapimwe.” Baadaye sana ndipo aliponieleza kwamba kwa majuma mawili alikuwa akiniwazia mwanamke mwingine. Sikumlaumu. Mke asiyeambiwa kitu hana budi kujitafutia maelezo, na maelezo yaliyo karibu ni hayo.

Tulikwenda sote wawili. Daktari, kijana wa rika la mwanangu wa pili, aliniita mzee na kuniuliza bila haya: Lilianza ghafla au polepole? Alfajiri uume husimama? Unatumia dawa gani? Unavuta? Mna ugomvi nyumbani? Hilo swali la alfajiri lina maana yake. Mwenye kusimamisha alfajiri lakini akashindwa mbele ya mkewe, aghalabu mishipa yake ni mizima, na huenda kinachomsumbua ni hofu, huzuni au madeni. Huyo naye husaidiwa kwa mazungumzo. Mimi nilikuwa na siku nyingi bila dalili hiyo. Sukari yangu kabla ya kula ilikuwa 11.4, na mtu huhesabiwa mgonjwa kuanzia 7. Shinikizo la damu lilikuwa 160 kwa 100.

Katika siku hizo rafiki zangu hawakukosa ushauri. Mmoja alinisifia mkuyati, mwingine vumbi la Kongo, wa tatu supu ya pweza. Pweza sina ugomvi naye. Ni chakula kizuri, na supu yake naipenda hadi leo. Unga wa kwenye karatasi ndio unaonitisha. Katika nchi mbalimbali maabara zimekuta ndani ya dawa ziitwazo za miti shamba sildenafil iliyosagwa kwa siri, bila kipimo. Dawa hiyo ilianza kujaribiwa na kampuni ya Pfizer huko Sandwich, Uingereza, kwa ajili ya maumivu ya moyo, ikaruhusiwa Marekani mwezi Machi 1998 kwa kazi hii nyingine. Ni dawa nzuri kwa aliyepimwa. Humezwa saa moja hivi kabla, haileti matamanio pasipokuwapo, na chakula chenye mafuta mengi huichelewesha. Lakini mgonjwa wa moyo atumiaye dawa za naitreti akiichanganya nazo, shinikizo la damu laweza kuporomoka hata akafa. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne, mtu akimbizwe hospitali usiku huo huo.

Kuna pia dawa za shinikizo la damu zinazoweza kupunguza nguvu hizi. Anayezishuku amwambie daktari wake azibadilishe, asiziache mwenyewe.

Mimi nilianza na vidonge vya kisukari na vya shinikizo, sigara nikaiacha, na kila jioni tunatembea na mama watoto kwa dakika 40. Mwezi wa tano daktari aliniongezea kidonge kile cha chumbani, nacho kimefanya kazi, si kila mara. Sukari hunipima mke wangu, na daftari analiandika yeye. Asubuhi ya Ijumaa ilikuwa 6.8, akanionyesha kabla hajachemsha chai.