Gari Lisilonguruma na Masikio ya Mzee Wetu

Kwa miaka mingi kamati ya msikiti wetu hapa Kariakoo imekuwa ikiwapeleka wazee hospitali kwa Hiace kuukuu ya dizeli. Ndani yake, aliyeketi nyuma husema, na aliyeketi mbele huitikia "naam" bila kujua alichoitikia. Hivi karibuni, Hiace hiyo ikiwa gereji, muumini mmoja mfanyabiashara alituazima gari lake dogo la umeme, lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, ili tumpeleke muadhini wetu mstaafu kliniki ya macho Muhimbili.

Tulibonyeza kitufe, tukangoja ngurumo, isije. Taa ya dashibodi ndiyo iliyotuarifu kwamba gari li tayari. Hakuna gia za kupandisha. Ukikanyaga pedali, gari huondoka papo hapo, na ukiinua mguu hupunguza mwendo lenyewe, likirudisha sehemu ya nguvu katika betri. Katika foleni ya Mtaa wa Msimbazi tofauti ilidhihirika zaidi. Gari la kawaida hutetemeka hata likisimama, kwa kuwa injini yake huendelea kuunguza mafuta. La umeme likisimama, na mota yake imesimama. Vioo vilipofungwa, sauti za wachuuzi na honi za bodaboda zilikuwa kama za mtaa wa pili. Hata hivyo, ukimya huo si kamili. Tulipopita Fire na kushika Barabara ya Umoja wa Mataifa, mwendo ukaongezeka, tukausikia mvumo wa matairi na upepo, ambao katika Hiace humezwa na injini.

Ndipo mzee akasema kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya chini, nasi tukasikia kila neno: "Wanangu, mniwie radhi kwa swala ya Alfajiri. Gizani sioni tena, na hizi pikipiki za umeme hazina mlio. Mimi barabara naivuka kwa masikio."

Maneno hayo yalituchoma. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tumeafikiana vikaoni kwamba mzee amesusa jamaa kwa sababu nafasi yake ya kuadhini amepewa kijana. Tumesikia mara ngapi mimbarini onyo juu ya dhana mbaya! Lakini hapana hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza, na dhana ile tuliiandika katika muhtasari kwa mkono wetu wenyewe, sisi tulio makatibu.

Tuliporejea tulimteremsha karibu na mlango wake. Tukaweka gia ya kurudi nyuma, tukiamini kwamba ameshaingia ndani. Kumbe alikuwa akipita nyuma ya gari na bakora yake, naye akiamini kwamba gari limezimwa, maana hakusikia kitu. Hamali mmoja aliuacha mkokoteni wake na kupiga ukelele. Tulikanyaga breki gari likiwa limekwisha kugusa kanzu yake. Alhamdulillah, hakuanguka. Ukimya uliotuwezesha kumsikia ndio uliomzuia yeye asitusikie.

Hatari hii inafahamika. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme linalouzwa ni lazima liwe na kifaa cha kutoa sauti linapokwenda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa, na linaporudi nyuma. Katika mwendo huo ndipo sauti ya matairi huwa ndogo mno. Na mwendo huo ndio mwendo wa Kariakoo, mchana kutwa. Tusingoje kifaa. Mwenye chombo cha umeme na apige honi fupi kabla ya kurudi nyuma, na abiria ateremke kuangalia. Wazazi nasi tuwafundishe watoto wanaocheza vichochoroni kwamba kutosikia mlio si dalili ya usalama. Kuwaondolea watu udhia njiani ni katika imani.

Sasa vijana wawili humpitia mzee kila alfajiri, naye amerejea safu ya kwanza. Muhtasari ule umerekebishwa kikaoni. Nasi tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi kwa yote mawili, dhana na gari. Alitujibu kwamba ametusamehe, ila honi tusiisahau.