Leseni ya Rubani Ina Jina la Nchi

Wadau, leo naomba tuongee mambo ya angani. Siku ukiwa pale uwanja wa Julius Nyerere unasubiri ndege iliyochelewa, weka simu pembeni kidogo utazame ndege zilizoegeshwa. Kila moja imeandikwa herufi na tarakimu upande wa nyuma, karibu na mkia. Zetu zinaanza na 5H. Za Kenya ni 5Y, za Uganda 5X, za Rwanda 9XR. Ukiona A6 hiyo imesajiliwa Falme za Kiarabu, ukiona N ni ya Marekani. Wengi tunadhani ni namba tu kama za daladala. Kumbe ndizo zinazoamua nani anaruhusiwa kukaa kiti cha mbele.

Mambo haya yalipangwa Chicago mwezi Desemba 1944, vita ya pili ya dunia ikiwa haijaisha. Mkataba uliosainiwa kule unasema rubani wa ndege inayokwenda nchi za nje lazima awe na leseni iliyotolewa, au iliyokubaliwa, na nchi ambako ndege hiyo imesajiliwa. Yaani leseni inafuata ndege, haimfuati mtu. Una leseni ya Marekani? Safi sana, rusha ndege za N. Ukitaka kurusha 5H, nenda kaongee na wakubwa wa 5H.

Nina jamaa yangu nimesoma naye sekondari. Tulipomaliza kidato cha sita mimi nikaenda Mlimani kusoma mambo ya kuandika, yeye akaenda Florida kusoma kurusha ndege. Baba yake aliuza kiwanja Kibaha, mama akachukua mkopo wa kazini, na mjomba mmoja wa Mwanza akajazia palipopungua. Aliporudi na leseni ya biashara ya Marekani, familia ikaamini kazi imekwisha. Kwenye harusi za ukoo wakaanza kumwita Kapteni. Kapteni huyo alikuwa na masaa 250 na ushee ya kuruka, na mfukoni leseni isiyomruhusu kurusha hata ndege moja ya abiria iliyosajiliwa nchini kwake.

Mama yake alinikalisha chini siku moja akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mwandishi wa habari, nieleze. Alishafaulu huko kwa Wazungu. Kwa nini anasoma tena?" Swali hilo nililibeba kwa muda mrefu, na ndilo limenifanya niandike leo.

Kwanza, kwa nini hakubaki Marekani? Kwa sababu kule masaa 250 hayakufikishi kwenye shirika la ndege. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Familia za marehemu zikapiga kelele mpaka bungeni, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa kwa kawaida awe na masaa 1,500. Cha kushangaza ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshapita masaa hayo. Lakini sheria ikapita, na ipo. Kijana wa Kimarekani huziba pengo hilo kwa kufundisha wenzake miaka miwili au zaidi. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya ufundi hana muda huo, kwani mazoezi ya kazi anayoruhusiwa baada ya shule hayazidi miezi sita. Akimaliza anafunga begi.

Kwa hiyo karudi nyumbani, na hapo ndipo kazi ya kubadili leseni ikaanza. Kwanza ni barua. Mamlaka ya hapa haiwezi kuangalia karatasi yako na kusema inapendeza, inawaandikia walioitoa kuuliza kama kweli waliitoa. Kumbukumbu za marubani wa Marekani zinatunzwa Oklahoma City, kwa hiyo ndoto ya kijana wa Tabata ikawa inasubiri majibu ya ofisi iliyoko katikati ya Marekani. Halafu vipimo vya afya vya daraja la kwanza, kuanzia macho mpaka moyo. Halafu mtihani wa sheria za anga za hapa. Mwisho anapanda ndege na mkaguzi, anaonyesha kwa vitendo kwamba anajua anachodai anajua. Kila hatua ina ada yake, na masaa ya ndege ya mtihani unalipia mwenyewe.

Nikamwambia mama, sio kwamba wanamsomesha upya. Nchi inamuuliza, "Nani alisema wewe ni rubani?" Naye anajibu, "Marekani." Nchi inasema sawa, Marekani tunaiamini, lakini tutakuona na sisi kwa macho yetu, maana siku ndege ya 5H ikianguka hatutaulizwa Wamarekani, tutaulizwa sisi.

Mama akaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa nilipoanza kuulizia. Akasema, "Kumbe ni kama posa. Mtoto anaweza kuwa mzuri, lakini lazima wajue katoka kwa nani."

Basi jamaa akapata leseni ya hapa, na baada ya kuzunguka sana akapata kazi kwenye ndege ndogo aina ya Caravan, zile zinazopeleka watalii Seronera, Zanzibar na Mafia. Ina injini moja, na rubani mmoja anatosha. Kazi hiyo inafundisha: kiwanja cha vumbi, pundamilia wamekatiza, upepo unabadilika ghafla, na nyuma kuna wageni kumi wenye kamera. Masaa yakaongezeka mpaka yakapita elfu moja.

Hapo ndipo vijana wengi wa kwetu wanapoanza kutazama nje, hasa Ghuba. Siwalaumu. Mashirika ya kule yamekua kwa kutumia marubani kutoka kila pembe ya dunia, mishahara haina kodi ya mapato, na shule za watoto zinasaidiwa. Lakini soma tangazo mpaka mwisho. Wanataka masaa ya jeti, au ya ndege kubwa yenye marubani wawili. Masaa yako elfu ya Serengeti wanayaheshimu, ila hayajibu swali lao. Kwa hiyo kwanza upate nafasi nyumbani kwenye ndege kubwa, na nafasi hizo ni chache. Pale Fastjet Tanzania ilipositisha safari mwezi Desemba 2018, zilipungua kwa mara moja.

Na ukitaka kwenda kwingine? Ulaya, mwenye leseni ya nje anayetaka kuibadili iwe ya kwao anafanya mitihani 13 ya nadharia, hata kama amerusha ndege miaka kumi. Marekani ndiyo inachekesha zaidi. Ukienda na leseni yako ya Tanzania au Kenya, hata kama wewe ni kapteni, kwa karatasi hiyo peke yake watakupa leseni ya mtu binafsi. Unaweza kumbeba mkeo na watoto kwenda kula samaki mji wa jirani. Kupokea hata senti moja kwa kurusha ndege, hapana, mpaka ufanye mitihani yao.

Msidhani ni Waafrika tu tunaobanwa. Uingereza ilipotoka kwenye mfumo wa Ulaya mwishoni mwa 2020, leseni zake ziliamka tarehe 1 Januari 2021 zikiwa za kigeni. Rubani wa London ambaye hakuhamisha leseni yake mapema hakuweza tena kurusha ndege iliyosajiliwa Ufaransa au Ireland. Hakuna alichosahau usiku ule. Mikono ni ile ile, masaa ni yale yale. Kilichobadilika ni jina la nchi juu ya karatasi.

Lakini mfano unaoninyima usingizi ni wa Pakistani. Mei 2020 ndege ya PIA ilianguka Karachi, kati ya watu 99 waliokuwamo wakapona wawili tu. Mwezi uliofuata waziri wa usafiri wa anga akasimama bungeni akasema marubani 262 kati ya 860 wa nchi hiyo wana leseni zenye mashaka, kwamba mitihani walifanyiwa na watu wengine. Dunia ikashtuka. Vietnam ikawasimamisha marubani wenye leseni za Pakistani waliokuwa kule. Ulaya ikaifungia PIA, na haikuifungulia mpaka Novemba 2024. Baadaye uchunguzi uliwasafisha wengi wa wale waliotajwa. Lakini hebu fikiria wewe ni Mpakistani uliyefanya mtihani wako mwenyewe, ukakesha, ukafaulu kwa jasho lako, uko ugenini unalea familia, halafu unaamka asubuhi leseni yako imekuwa kichekesho. Utamweleza nani?

Sasa turudi kwetu. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake. Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania. Sababu zilizotajwa ni pamoja na uhaba wa wataalamu wenye sifa na usimamizi usiotosheleza wa urushaji na matengenezo ya ndege.

Jioni ile jamaa alinipigia. Hakuuliza habari ya ndege, aliuliza, "Inanihusu?" Nikasoma lile tangazo mara mbili. Nikamjibu kwa kadri ya maandishi: hapana, linahusu mashirika, halijafuta leseni ya mtu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa. Lakini mtu anayechambua mafaili mia tatu ya waombaji kazi, unadhani atasoma mara mbili kama wewe?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Ninachojua ni kwamba tunapojadili usafiri wa anga hapa nchini tunapenda kuhesabu ndege. Ndege zinapigwa picha, zinapokelewa kwa ngoma. Mkaguzi hapokelewi kwa ngoma. Yule anayekaa ofisini kusoma daftari la masaa la rubani, anayesema "huyu hajaiva, arudi baada ya mwezi", hana mpiga picha. Lakini yeye ndiye anayeipa leseni yetu thamani inapotua Doha au Dubai. Akiwa mchache, au mshahara wake ukiwa mdogo kiasi kwamba anahamia kwenye mashirika anayoyakagua, hasara haiishii uwanjani. Inamfikia kijana ambaye baba yake aliuza kiwanja Kibaha.

Kwa mdogo wangu unayesoma hapa ukiwa na ndoto ya mabawa, nakuomba kitu kimoja. Usianze kwa kuuliza shule gani ni rahisi. Anza kwa kuuliza unataka kurusha ndege zenye herufi gani mkiani, halafu rudi nyuma mpaka kwenye shule. Ulizia mamlaka ya huko inataka masaa mangapi, mitihani mingapi, viza gani. Weka akiba ya kubadili leseni kando kabisa na ada ya shule. Na daftari lako la masaa liandike kwa ukweli hata siku ambayo hakuna anayekuangalia, maana ipo siku mtu wa nchi nyingine atalisoma mstari kwa mstari.

Jamaa yangu bado yuko kwenye Caravan. Wiki iliyopita aliitwa kwenye usaili wa ndege kubwa, hapa hapa nyumbani. Mama yake ameshaanza kufunga.